Whitworth: Fundi aliyezipa bolti kipimo kimoja

GARI linapotoka Voi na kupita Mwatate kuelekea Mghange, katika milima ya Taita, uhai wa abiria hutegemea vitu vidogo ambavyo ni wachache wanaovifikiria. Bolti na nati ndizo zinazoshika magurudumu, breki na springi barabara inapopanda na kujipinda. Nati moja isiyolingana na bolti yake yaweza kuleta msiba.

Mtu aliyetangulia kuzipatia bolti za nchi nzima kipimo kimoja ni Mwingereza Sir Joseph Whitworth, aliyefariki dunia mwaka 1887. Jina lake lingali midomoni mwa mafundi wa magari makuukuu, ingawa wengi wao hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803, mjini Stockport, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu na mhubiri. Alipotimu umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire, ajifunze biashara hiyo. Lakini kijana huyo alivutiwa na mashine kuliko pamba. Baada ya miaka michache alimtoroka mjomba wake, akaenda Manchester kufanya kazi ya ufundi.

Mwaka 1825 alifunga ndoa na Fanny Ankers. Baadaye alihamia London, akaajiriwa na Henry Maudslay, bingwa wa mashine za kukereza vyuma ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea kote Uingereza. Huko ndiko alikojifunza kwamba kazi ya chuma haiwezi kuwa nzuri kama kipimo chake si cha kuaminika.

Akiwa London alishughulikia tatizo la kupata bamba la chuma lililo sawasawa kabisa. Mabamba mawili yakisuguliwa pamoja yaweza kukubaliana ilhali moja limebonyea na jingine limetuna. Whitworth alitumia mabamba matatu, akayalinganisha kwa zamu na kukwangua kila mahali palipoinuka, kwa sababu matatu hayawezi kukubaliana yote ila yakiwa sawasawa kweli. Mwaka 1840 aliwaeleza wataalamu njia hiyo.

Alirejea Manchester mwaka 1833 na kufungua karakana yake mwenyewe ya kutengeneza mashine na zana. Hapo alikutana na kero iliyomsumbua kila fundi wa zama zile. Kila karakana ilikata nyuzi za bolti, yaani mistari inayozunguka mwili wa bolti, kwa namna yake yenyewe. Bolti ya kiwanda kimoja haikuingia katika nati ya kiwanda cha pili. Mashine ikiharibika mbali na ilikotengenezwa, ilibidi bolti yake ichongwe upya.

Whitworth hakujifungia chumbani kubuni kipimo cha kuwalazimisha wenzake. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, kisha akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 aliwasilisha pendekezo lake mbele ya chama cha wahandisi mjini London. Pembe ya nyuzi ingekuwa digrii 55 kwa bolti zote, na kila unene wa bolti ungekuwa na idadi yake maalumu ya nyuzi katika inchi moja. Bolti ya robo inchi ilipewa nyuzi 20, na ya nusu inchi nyuzi 12.

Kwa kuwa kila mwenye karakana aliona kipimo hicho hakiko mbali na chake, wengi walikikubali. Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa waliokipokea mapema. Wakati wa Vita vya Crimea, serikali ya Uingereza ilipohitaji kwa haraka injini zipatazo 90 za boti za kivita, kazi iligawiwa karakana mbalimbali, kwa sababu vipuri vya karakana moja viliweza kuungana na vya nyingine.

Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, Whitworth alionyesha mashine iliyoweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Inafaa kukumbukwa kwamba mtu huyu, ambaye jina lake limefungamana na inchi, alipigania inchi igawanywe kwa makumi na maelfu badala ya nusu, robo na thumuni.

Hakufaulu katika kila jambo. Alibuni bunduki yenye mtutu wa pembe sita ndani, ambayo katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda ile ya jeshi kwa shabaha. Hata hivyo, serikali yake iliikataa. Bunduki hizo zilikuja kutumiwa na walenga shabaha wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani.

Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo wa pauni 3,000 kwa mwaka kwa vijana wa uhandisi, na mwaka 1869 akatunukiwa cheo cha Baronet. Fanny alifariki mwaka 1870, na mwaka uliofuata Whitworth alimwoa Mary Louisa Orrell. Alifia Monte Carlo Januari 22, 1887, akazikwa Darley Dale, Derbyshire. Sehemu kubwa ya mali yake ilitumiwa kwa elimu, sanaa na matibabu mjini Manchester.

Miaka tisa baada ya kifo chake, ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa na baadaye ukapitia Voi. Reli hiyo ilikuwa na upana wa mita moja kamili, lakini zana na mitambo iliyotoka Uingereza ilipimwa kwa inchi. Hata magarimoshi makubwa ya aina ya Garratt, 34 kwa jumla, yaliyoanza kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1950, yaliundwa Manchester, mji wa Whitworth.

Wakati huo kipimo chake kilikuwa kimekwisha kupata wapinzani. Mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia alipendekeza nyuzi za pembe ya digrii 60, ambazo zilikuwa rahisi zaidi kukata, na Wamarekani wakazifuata. Mataifa ya Ulaya bara yalikubaliana mjini Zurich mwaka 1898 kutumia nyuzi za milimita, nazo pia za digrii 60.

Vita Kuu ya Pili vilidhihirisha hasara ya mgawanyiko huo, kwani bolti za Uingereza na za Marekani hazikukubaliana. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada ziliafikiana kuhusu nyuzi za pamoja za inchi zenye digrii 60. Mwaka 1965 Uingereza yenyewe iliamua kugeukia milimita, na nyuzi za Whitworth zikaanza kuachwa.

Mabadiliko hayo yameacha alama katika gereji. Land Rover za zamani zilifuata inchi, ilhali Toyota na magari mengine ya Japani hutumia milimita. Spana ya milimita 19 hukaribiana sana na ya robo tatu inchi, lakini ya 13 ikivishwa kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, hulegea na kumumunya pembe zake. Spana za Whitworth nazo huandikwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa, jambo linalowachanganya wengi.

Hatari kubwa zaidi imo katika nyuzi. Bolti ya milimita 8 na ile ya inchi 5/16 zinatofautiana unene kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Nati ya moja huingia katika nyingine mizunguko michache, kisha hukwama. Fundi akiilazimisha, nyuzi huliwa, na nati huonekana imekaza kumbe imeshikilia kidogo tu. Gari lililosheheni mboga kutoka milimani huweza kuifungua likiwa mteremkoni. Ndiyo maana fundi makini huanza kufunga nati kwa vidole, na huangalia kichwa cha bolti: zile za milimita aghalabu huwa na namba kama 8.8 au 10.9.

Mwaka 2017 reli mpya ilianza kupita Voi. Hiyo imejengwa kwa viwango vya China, nchi ya bolti za milimita, lakini upana wake wa milimita 1,435 unatokana na futi na inchi za Uingereza.

Whitworth naye hajatoweka. Mabomba ya maji ya nusu inchi na robo tatu yanayofungwa majumbani yangali na nyuzi zake za digrii 55, ambazo hata mataifa ya milimita yamezikubali. Mkazi wa Mghange anapofungua mfereji asubuhi, huenda maji yake yanapitia katika kazi ya mtoto wa mwalimu wa Stockport.