Camille Pissarro

Jacob Abraham Camille Pissarro (Charlotte Amalie, 10 Julai 1830 – Paris, 13 Novemba 1903) alikuwa mchoraji na mmoja wa waanzilishi wa mtindo wa Impresionisti nchini Ufaransa. Ingawa alifanya kazi huko karibu maisha yake yote, alibaki raia wa Denmark hadi kifo chake.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Saint Thomas, wakati ule koloni la Denmark katika Bahari ya Karibi, katika familia ya wafanyabiashara Wayahudi. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya bweni karibu na Paris. Aliporudi, baba yake alimweka katika biashara, lakini kijana alipenda zaidi kuchora. Mwaka 1852 aliondoka kwenda Venezuela pamoja na mchoraji Mdenmark Fritz Melbye, na tangu 1855 aliishi Ufaransa.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia (1870-1871) vilimfanya akimbilie London, ambako alimwoa Julie Vellay, aliyewahi kuwa mtumishi wa mama yake. Nyumba yake ya Louveciennes ilikaliwa na askari wa Prussia. Kati ya picha takriban 1,500, kazi ya miaka 20, zilibaki kama 40 tu. Nyingine zilikuwa zimetandikwa kwenye matope ili watu wapite juu yake. Mwaka 1872 alihamia Pontoise akaanza upya.

Gelée blanche

Picha hii ya 1873 inaonyesha mkulima mmoja, mzigo wa kuni mgongoni, akipita kati ya mashamba yaliyolimwa asubuhi yenye sakitu (umande ulioganda). Vivuli virefu vya miti vinakatiza matuta, ila miti yenyewe haimo: iko nje ya picha. Mwanafunzi aangalie hapo kwanza. Mkulima ni mdogo, wala hakuchorwa ili aonewe huruma. Yuko kazini tu.

Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874, katika maonyesho ya kwanza ya kundi lake, mwandishi Louis Leroy aliikejeli kuwa ni rangi zilizokwanguliwa na kupakwa juu ya turubai chafu. Leo iko Musée d'Orsay.

Miaka ya baadaye

Pissarro peke yake ndiye aliyeshiriki maonyesho yote manane ya kundi hilo (1874-1886). Cézanne na Gauguin walijifunza kwake. Naye, akiwa na miaka zaidi ya 50, hakuona haya kujifunza kwa kijana Seurat kuchora kwa vidoa. Uzeeni, kwa ugonjwa wa macho, alichora mitaa ya Rouen na Paris akiwa dirishani. Alizikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Mwanawe Lucien pia alikuwa mchoraji.