Martin Luther na Siku ya Mwisho

Wandugu wanafunzi, wengi wetu tukisikia mahubiri juu ya mwisho wa dunia tunashikwa na woga, na usiku usingizi unakimbia. Basi tumeona vema kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na woga ule kutupita sisi wote.

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 huko Eisleben, katika Ujerumani. Wakati ule, katika makanisa mengi, walichora Bwana Yesu ameketi juu ya upinde wa mvua, upanga ukitoka kinywani mwake, akihukumu watu. Luther alikua akiogopa sanamu za namna ile. Kwake Yesu alikuwa Hakimu tu.

Tarehe 2 Julai 1505, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, radi ilipiga karibu naye njiani. Akaogopa kufa, akaahidi kuwa mtawa. Katika nyumba ya watawa ya Erfurt alifunga, alikesha, aliungama dhambi mara nyingi, lakini moyo haukutulia hata kidogo. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, akamshauri aache kujitazama mwenyewe, atazame vidonda vya Kristo. Kisha, kwa kusoma Waraka kwa Warumi, akafahamu kwamba haki ya Mungu si fimbo ya kutupiga. Ni zawadi tunayopewa bure kwa imani. Kumbe yule Hakimu wa upinde wa mvua ndiye aliyekufa kwa ajili yake!

Hata hivyo kitabu cha Ufunuo kilimsumbua. Mwaka 1522, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, aliandika kwamba haoni Kristo akifundishwa wazi ndani yake. Lakini mwaka 1530 aliandika dibaji nyingine. Sasa, katikati ya wanyama wakali na mapigo yote, aliona Kristo akikaa pamoja na watu wake mpaka ushindi.

Rafiki yake mmoja, mchungaji Michael Stifel, alipenda sana hesabu. Alihesabu herufi za Biblia, akatangaza kwamba dunia itakwisha tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili ya asubuhi. Luther alimwonya, hakusikia. Watu wakaacha kazi za mashamba, wakangoja. Saa ikafika, ikapita. Stifel akakamatwa, akapoteza kanisa lake. Na Luther? Hakumtupa. Alimwombea kwa wakubwa, na mwaka 1535 Stifel akapewa kanisa lingine. Baadaye akawa mtu mwenye sifa katika elimu ya hesabu.

Mwezi wa Septemba 1542, binti wa Luther, Magdalena, alikufa mikononi mwa baba yake, akiwa na miaka 13. Baba alilia sana. Lakini siku ile aliyoiogopa zamani, sasa aliiita siku mpenzi, akaomba ije upesi, sababu ndiyo siku ya kufufuka.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu bila kosa. Mwaka 1543 aliandika maneno ya chuki juu ya Wayahudi. Hayo tunayakataa, maana hayatoki katika upendo ule aliohubiri. Alikufa tarehe 18 Februari 1546, kulekule Eisleben alikozaliwa.

Wandugu, Siku ya Mwisho ya utoto wa Luther na ile ya uzee wake ni siku moja. Lakini alikuwa amemjua Yule anayekuja. Kwa hiyo, mtu akituletea tarehe ya mwisho wa dunia, tukumbuke mashamba yale yaliyoachwa bure. Tushike masomo yetu na majembe yetu. Na yule mwenzetu aliyedanganyika, tusimcheke; tumsaidie kusimama tena.