Imamu Shaabi, kadhi aliyependa utani

Wengi wetu tukisikia neno kadhi tunamwona mzee aliyekunja uso, hacheki wala hachekeshi. Huenda ndiyo sababu Amir bin Sharahil, maarufu kwa jina la Imamu Shaabi, hatajwi sana katika darsa zetu hapa Kigali. Alikuwa bingwa wa fikihi na hadithi mjini Kufa, Iraq. Ni yeye anayesimuliwa kumwona kijana mmoja mfanyabiashara akielekea sokoni, akamhimiza akakae na wanavyuoni. Kijana huyo ndiye Imamu Abu Hanifa.

Wanahistoria wengi wanasema alizaliwa katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.). Alizaliwa pacha, naye alikuwa na mwili mdogo. Alipoulizwa kwa nini ni mwembamba hivyo, alijibu kwamba alibanwa tangu tumboni mwa mama yake.

Utani wake uliwaangukia zaidi wenye maswali yasiyo na faida, na hao hata Nyamirambo tunao. Mmoja alitaka kujua jina la mke wa Iblisi. Shaabi akamjibu kuwa harusi hiyo hakuihudhuria. Mwingine aliuliza namna ya kupaka maji ndevu katika udhu. Akaelezwa apitishe vidole, akasema anahofia hazitalowa. Akaambiwa basi aziloweke tangu usiku. Na yule aliyemkuta nyumbani na mkewe akauliza Shaabi ni yupi kati yao, alionyeshwa mke.

Lakini swali la maana asilolijua alikiri waziwazi kwamba halijui. Walipomwambia ni aibu kwa mwanachuoni wa Iraq, aliwakumbusha kuwa hata malaika hawakuona haya kumwambia Mola wao kwamba hawana elimu ila aliyowafundisha.

Pia alijua pasipofaa mzaha. Alishiriki uasi wa Ibnul Ash'ath dhidi ya gavana Hajjaj, uasi uliowagharimu wengi maisha yao. Alipofikishwa mbele ya Hajjaj hakubuni udhuru wala hakuchekesha. Alikiri kosa, akasamehewa.

Kisa kinachonisumbua ni cha mahakamani. Mwanamke mmoja alifika na kesi yake, Shaabi akamhukumia haki. Ndipo mshairi Hudhayl al-Ashja'i akatunga beti za kudai kwamba kadhi alitekwa na uzuri wa yule mwanamke. Mji ukazipokea, watu wakawa wanaziimba. Shaabi akaamuru mshairi achapwe viboko.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilishangaa. Mtu aliyewatania watu maisha yake yote, leo ataniwe yeye kidogo tu na atoe viboko? Mwenzangu anayesoma sheria anashikilia mpaka leo kwamba huo ulikuwa udhaifu, kwa sababu kadhi hawezi kuamua jambo linalomhusu mwenyewe. Hoja yake ni nzito, sijaweza kuivunja. Hata hivyo naona tofauti. Utani wa Shaabi juu ya mwili wake, au juu ya ndevu za muulizaji, haukumnyima mtu haki yake. Beti zile zilisema kwamba hukumu ya kadhi inapatikana kwa sura nzuri. Yule aliyeshindwa kesi angeziamini, na kesho yake mwingine angeona hakuna haja ya kuleta ushahidi.

Viboko havikuzizima. Inasimuliwa kwamba siku moja Shaabi aliingia kwa Khalifa Abdul Malik bin Marwan, na khalifa, alipomwona tu, akatabasamu na kuanza kuzisoma. Kisha akamuuliza amemfanya nini mshairi. Shaabi alieleza kuwa amemwadhibu kwa kuivunjia heshima baraza ya hukumu. Beti hizo zimo vitabuni hadi leo.

Baadaye Shaabi alikuwa kadhi wa Kufa katika zama za Umar bin Abdul Aziz. Alifariki karibu na mwaka 104 Hijria. Habari zilipomfikia Hasan al-Basri, mwanachuoni aliyejulikana kwa huzuni na kilio kuliko kicheko, alimwombea rehema na kushuhudia kwamba elimu yake ilikuwa nyingi na nafasi yake katika Uislamu ilikuwa kubwa.