Mboya wa Ziwani, bwana afya tuliyemsahau

Waulize wanafunzi wa mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Jericho, wakueleze habari za marehemu Tom Mboya. Aghalabu utajibiwa kwamba aliwapeleka vijana Marekani kwa ndege, kisha akauawa kwa risasi. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, nashikilia kwamba mtu anayekumbukwa kwa ndege na risasi pekee bado hajafahamika. Sehemu ya maisha yake yenye mafunzo makubwa zaidi kwa mwanafunzi ni ile isiyotajwa, nayo ilitendeka papa hapa kwetu.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Alisoma Kabaa, Yala na hatimaye Mang'u. Mwaka 1948 karo ilikosekana, naye akalazimika kuacha shule na kujiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, akawa yule ambaye wananchi humwita bwana afya. Alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja, akiwa kazini, bibi mmoja wa Kizungu aliingia na kuuliza iwapo mle ndani mlikuwa na mtu, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Wengi wangenung'unika na kunyamaza. Yeye aliwakusanya watumishi Waafrika wa Baraza, na chama chao cha kustarehe na kusaidiana akakigeuza kuwa chama halali cha wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, na mnamo Aprili 1954 Operesheni Anvil iliwasomba maelfu ya wakazi wa mitaa hii na kuwatia vizuizini. Shirikisho hilo likabaki miongoni mwa sauti chache za Mwafrika zilizoruhusiwa kusikika. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliingia kati kuwatetea, wakaishia kupata nyongeza ya asilimia 33.

Alikaa mwaka mmoja tu katika Chuo cha Ruskin, Oxford, na hakuwahi kuhitimu shahada ya chuo kikuu. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alitafakari. Mtu aliyekatizwa masomo na umaskini ndiye aliyetafuta nafasi na nauli za wenzake, hata wanafunzi 81 wakaabiri ndege ya kwanza mnamo Septemba 1959. Mwaka uliofuata alifika kwa John Kennedy, kabla hajawa rais, na wakfu wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliofaidika mwaka huo.

Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Leba, aliwaketisha serikali, waajiri na wafanyakazi meza moja, wakatia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Mkataba huo ulikubali haki ya mfanyakazi kujiunga na chama, ukaweka na utaratibu wa kutatua migogoro kabla ya kufikia mgomo. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinalinda haki za wafanyakazi. Lakini njia ilianza kufyekwa tangu siku zile. Mwalimu anayedai nyongeza kupitia chama chake anaipita njia hiyo hiyo, ajue asijue.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Waraka Nambari 10 wa 1965, aliousimamia akiwa Waziri wa Mipango, ulipendelea kuelekeza fedha katika maeneo yenye rutuba, na yale makavu yakazidi kuachwa nyuma. Hilo nalo lifundishwe.

Mboya aliuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla ya kutimiza miaka 39, akiwa mbunge wa Kamukunji. Sanamu yake imesimama Moi Avenue tangu 2011. Lakini walimu wa Eastlands wana kumbukumbu nyingine zilizo karibu zaidi: mtaa wa Ziwani alikoishi, na jengo la Solidarity kule Gikomba, makao ya vyama vya wafanyakazi. Wawapeleke wanafunzi huko kwa miguu. Kijana aliyefukuzwa kwa sababu ya karo akisikia habari za ndege peke yake, ataamini kwamba ukuu huanzia ng'ambo, na kwamba yeye amekwisha kuachwa. Akisikia habari za bwana afya wa Ziwani, atajua kwamba kazi ya kuijenga nchi inaweza kuanzia mtaani kwake, hata kabla ya cheti.