Lambert na wazee wa Nchiru waliolinda mtungi wa pombe

WAPENZI wa Kiswahili humkumbuka Harold Ernest Lambert kama mtafiti wa lahaja za pwani, aliyeandika kuhusu Kivumba, Chichifundi na Chijomvu mnamo 1957 na 1958. Huko Meru, jina lake lina historia nyingine.

Lambert alizaliwa mwaka wa 1893, akawa afisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, kisha akarejea huko mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Tangu Waingereza wafungue kituo chao Meru mwaka wa 1908, machifu walioteuliwa na serikali ndio waliotamba. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee ambalo makao yake yako Nchiru, lilitengwa, nao wamishonari wakaliona kuwa la kishenzi.

Lambert, akifuata njia iliyoanzwa na mtangulizi wake, Hopkins, aliliona kwa jicho tofauti. Alilitambua baraza hilo na kulishirikisha katika utawala. Wakristo nao wakafunguliwa mlango wa kujiunga kwa kiapo kisichokinzana na imani yao.

Miongoni mwa mila ambazo wazee walizilinda ni ile ya pombe. Muratina, inayotengenezwa kwa asali au miwa, haikuwa kinywaji cha kila mtu. Vijana wa rika la wapiganaji walikatazwa kuigusa. Mtungi ulikuwa wa wazee, na ulihusu posa, upatanisho na tambiko. Aliyekiuka alitozwa faini ya mifugo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria zake. Mwafrika alinyimwa pombe kali za Kizungu, na kwa pombe ya kienyeji alitakiwa kuwa na kibali. Tofauti ilikuwa kubwa: mila iliuliza umri na hadhi ya mnywaji, ilhali sheria iliuliza rangi ya ngozi na karatasi.

Hata hivyo, heshima ya kukopeshwa na serikali ina gharama. Mnamo 1956, Lambert akiwa ameshaondoka wilayani, Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wengi walikaidi, wakakeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Amri ya wazee ilionekana kuwa amri ya wakoloni.

Mwaka huo huo, Lambert alichapisha kitabu chake kuhusu mifumo ya kijamii na kisiasa ya Wakikuyu. Alifariki mwaka wa 1967.

Swali la nani alinde mtungi halikuzikwa naye. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliweka saa za kuuza na kukataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Katiba ya mwaka huo ilizipa serikali za kaunti jukumu la leseni. Hata hivyo, Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu wengi, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika.

Leseni ukutani humtambulisha muuzaji mbele ya askari. Haimfanyi awajibike kwa mtoto wa jirani anayeingia kununua. Wazee wa Nchiru walimjua kila mnywaji kwa rika lake na kwa baba yake, na hapo ndipo nguvu ya marufuku yao ilipotoka.