Joseph Bramah, Mzee wa Kufuli Lisilofunguka

Kila boom linapoingia, habari za vibaka nazo huongezeka. Simu imechomolewa dirishani, laptopu imeyeyuka mchana kweupe, mwenye geto akirudi kipindi anakuta godoro tu. Basi wengi wetu tunakimbilia dukani, tunanunua kufuli kubwa la kung'aa, usiku tunalala fofofo. Ni wachache wanaojiuliza kufuli lenyewe linazuia nini hasa. Kuna jamaa mmoja aliyelifanyia kazi swali hilo karibu maisha yake yote. Anaitwa Joseph Bramah, na amekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, na kijana naye alitarajiwa kushika jembe. Alipofika miaka 16 aliumia mguu vibaya, kazi za shamba zikamshinda. Akapelekwa kwa seremala kujifunza ufundi, na alipoiva akahamia London kutengeneza makabati. Katika kazi hizo akawa anafunga vyoo vya maji kwenye nyumba za wenye nazo. Akaona vinavyosumbua, hasa vinapoganda wakati wa baridi, akabuni choo bora na kupewa hataza mwaka 1778. Kwa hiyo huyu mzee wa makufuli alianza kupata jina kwa vyoo!

London ya siku hizo ilikuwa na matajiri wengi na wezi wengi, lakini haikuwa na jeshi la polisi la mji. Hilo lilikuja kuundwa mwaka 1829. Mwenye mali alitegemea mlinzi wa usiku, mbwa na kufuli. Tatizo ni kwamba makufuli mengi ya wakati huo yalikuwa ya mkwara tu. Ndani yake mlikuwa na vizuizi vya chuma visivyosogea, na ufunguo ulikatwa ili uvipite. Mwizi hakuhitaji ufunguo ule ule. Alihitaji kipande chembamba cha chuma cha kuvikwepa vizuizi, yaani babu wa kile ambacho mtaani tunakiita funguo malaya.

Bramah akaja na wazo tofauti, akalipatia hataza mwaka 1784. Ufunguo wake ulikuwa kama kijibomba kidogo, ncha yake imechongwa mifereji ya vina mbalimbali. Ukiusukuma ndani, unavisukuma vipande vyembamba vya chuma vilivyokaa juu ya springi, kila kimoja kwa kina chake. Kimoja kikizidi hata kidogo au kikipungua, kufuli haligeuki. Vyote vikikaa sawa kwa pamoja, linageuka. Kufuli lake maarufu lilikuwa na vipande 18, na mpangilio unaowezekana ulifika mamia ya mamilioni. Kubahatisha hapo ilikuwa kupoteza muda.

Akaenda mbali zaidi. Kwenye dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly aliweka kufuli moja pamoja na tangazo: atakayetengeneza kifaa cha kulifungua atalipwa gini 200. Wapita njia wakasoma, mafundi wakalitazama na kuondoka. Kufuli likakaa dirishani miaka zaidi ya 60.

Lakini wazo zuri halitoshi kama huna mikono ya kulitengeneza. Vipande vile vilihitaji vipimo sahihi mno, na kazi ya tupa ilikuwa ya polepole na ya gharama. Mwaka 1789 Bramah akamwajiri kijana wa miaka 18, Henry Maudslay, aliyetokea kwenye karakana za silaha za Woolwich. Kijana huyo akatengeneza mashine za kukata vipande vya kufuli kwa usahihi, kazi ikaenda haraka na bei ikashuka. Akawa msimamizi wa karakana. Mwaka 1797, akiwa na familia ya kulisha, akaomba aongezwe mshahara wake wa shilingi 30 kwa wiki. Bramah akakataa.

Hapa tupige hesabu kidogo. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo zawadi ya dirishani ilikuwa shilingi 4,200. Huo ni mshahara wa Maudslay wa wiki 140, karibu miaka miwili na miezi minane. Bosi alikuwa tayari kumlipa fedha hiyo mgeni atakayelishinda kufuli, ila nyongeza ya fundi anayeyatengeneza ikawa shida. Maudslay akafunga virago, akafungua karakana yake mwenyewe, na humo wakapita mafundi wakubwa kama Joseph Whitworth na James Nasmyth. Yaani Bramah alizuia wezi wasiingie, huku mali yake kubwa kuliko zote ikitoka kwa mlango wa mbele.

Pamoja na hayo hakuwa mtu wa kukaa bure. Mwaka 1795 alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji, ambayo kanuni yake bado iko kwenye jeki za magari. Mwaka 1806 akatengeneza mashine ya kupiga namba kwenye noti za benki. Mwaka 1814 alikuwa msitu wa Holt akisimamia mashine yake ing'oe miti, akapata baridi iliyogeuka nimonia. Alifariki tarehe 9 Desemba mwaka huo, kufuli lake likiwa bado halijashindwa.

Lilishindwa mwaka 1851. Katika Maonyesho Makuu ya London alikuja Mmarekani, fundi wa makufuli aitwaye Alfred Charles Hobbs. Akaanza na kufuli la kampuni ya Chubb, akalifungua kwa dakika 25. Kisha akaligeukia la Bramah. Lilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Kampuni ikalalamika kuhusu namna alivyofanya, lakini gini 200 akapewa. Leo kufuli hilo liko kwenye Makumbusho ya Sayansi ya London.

Waingereza walishtuka sana, ila tazama vizuri. Hobbs alikuwa bingwa, alikuwa na vifaa vyake, alipewa chumba, na hakuna aliyemfukuza. Hakuna kibaka anayepewa siku 16 mlangoni pako. Kufuli haliuzi kutofunguka, linauza muda. Muda huo una faida kama kuna mtu wa kusikia mlango ukigongwagongwa: jirani wa chumba cha pili, mlinzi anayekujua kwa jina, wana wa korido mnaoulizana nani huyo anayezunguka. Tena mwizi wetu mara nyingi halisumbui kufuli. Anang'oa kipande cha bati kinacholishika, au anapita kwenye dirisha uliloacha wazi kwa sababu ya joto.

Kwa hiyo ukinunua kufuli zuri, angalia na skrubu za mlango, halafu ufahamiane na jirani. Na siku ukiwa bosi, kumbuka ile hesabu ya wiki 140.