AHMAD BIN MAJID, MAALIM WA BAHARI



Wengi wenu mmezaliwa hapa Morogoro, na bahari mmeiona siku mlipopelekwa Dar es Salaam kutembea. Wengine hamjaiona bado. Lakini maji yanayoshuka milima ya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu humwagika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mdalasini na pilipili manga zinazoshushwa sokoni kutoka Kinole, asili yake ni ng'ambo ya bahari hiyo hiyo. Basi katika toleo hili tunawaletea maisha ya mtu aliyeijua bahari hiyo sana, na ambaye alizushiwa jambo zito akiwa amekwisha kufa.

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Alizaliwa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, kwenye miaka ya 1430 hivi. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa vyombo vya bahari. Baba alitunga shairi la beti zaidi ya elfu moja juu ya njia za Bahari ya Sham, na mtoto alipopata uzoefu alilisahihisha. Tunaona hapo hakumvunjia mzazi heshima, maana kosa katika elimu ile lilizamisha watu.

Mabaharia wa Kiarabu walimwita rubani muallim, neno lile lile mnalotuitia sisi darasani. Muallim alipaswa kujua manazili 28 za mwezi, miamba, na misimu ya kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kwetu kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha. Aliyekosa msimu alikaa miezi kwenye bandari ya watu, na wengi waliokaa hivyo walioa, wakazaa.

Kupima mahali walipo walitumia kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Rubani aliuma fundo kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya jicho, kisha akalinganisha upeo wa bahari na nyota ya kaskazini. Kipimo kilihesabiwa kwa vidole. Ukishapita ikweta kuja Kilwa nyota hiyo haionekani tena, ndipo palipohitajika mtu wa kujua nyota nyingine.

Yote hayo Ibn Majid aliyaandika. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, ni cha karibu mwaka 1490. Mengi aliyatunga kwa mashairi, kwani beti hukaa kifuani hata karatasi zikilowa, kama nyinyi mnavyohifadhi hukumu za tajwidi. Ipo kasida yake ya kueleza kibla kwa watu wa nchi mbalimbali. Ipo na Sufaliyya, inayomwongoza baharia katika pwani yetu hadi Sofala, Msumbiji. Hiyo ilihifadhiwa Leningrad, Urusi, ikachapishwa mwaka 1957.

Sasa tuje kwenye tuhuma. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, na mwezi Mei akafika Calicut, India. Baada yake Wareno walikuja na mizinga, na mwaka 1505 waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Katika miaka ya 1570 mwanachuoni wa Makka, Qutbuddin an-Nahrawali, aliandika kwamba aliyewaonyesha Wareno njia ni Ahmad bin Majid, tena akiwa amelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliikubali habari hiyo, ikaenea mpaka kwenye vitabu vya shule.

Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuichunguza habari. An-Nahrawali hakuwa amezaliwa mwaka 1498. Shajara ya safari yenyewe haimtaji Ibn Majid, na wanahistoria wa Kireno wa karne ile wanasema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Watafiti wengi wa leo wanaikataa tuhuma ile, nasi tunaona wana haki. Kumtia Mwislamu ulevi kwa mapokezi dhaifu namna hiyo si jambo dogo, ingawa an-Nahrawali alikuwa mtu wa elimu.

Maandishi ya mwisho ya Ibn Majid tunayoyajua ni ya karibu mwaka 1500, akiwa mzee. Baada ya hapo hasikiki tena. Mwenyezi Mungu amrehemu.